Kengele Uliyonitumia, Njoo Uichukue

Kwako mwanangu wa kwanza, Bwana Mkubwa wa ofisi,

Salamu kwanza, maana hata ugomvi una adabu zake. Sisi wazima, magoti tu. Mimi nasema, mke wa mdogo wako ndiye anaandika, kwa hiyo ukiona kalamu imeruka mahali, ujue hapo nilikuwa namsema yeye.

Zawadi yako ya siku ya kuzaliwa imefika. Dereva wako kaiweka mezani, kasema hakai, gari linaunguruma. Nikafungua boksi, nikakuta boksi jingine ndani, nikajua ni hereni. Kumbe kengele ya mezani, ya shaba, ile ya ofisi za zamani, unaipiga kichwani kwa kiganja mtu anakuja mbio. Na kikaratasi: mama, ukihitaji chochote, gonga. Ahsante. Sasa naomba uje uichukue, na sababu zangu ni hizi.

Moja. Siku yenyewe umeibuni wewe, tulipokwenda kuchukua kitambulisho. Mimi nilimwambia karani nimezaliwa mwaka mvua zilipochelewa, wewe ukamtajia tarehe iliyokujia mdomoni. Sawa. Lakini mtu asizeeshwe kwa siku ya kubuni halafu apewe na kengele.

Mbili. Mimi nina mdomo. Nikiita, mkwe wangu anajua kwa sauti tu kama nataka chai, au mguu umeuma, au nataka mtu wa kupiga naye soga. Kengele haijui soga. Nimegonga, kaleta maji. Nimegonga, kaleta dawa. Nimegonga tena, kaleta beseni. Andika, mkwe wangu, usiliruke beseni. Na fundi cherehani wa ukuta wa pili, aliyekuwa akiniitikia hata nisipomwita, aliposikia kimya kaja kuuliza nani kafariki.

Tatu, na hili ndilo linaniuma. Umesahau baba yako alikuwa tarishi? Maisha yake yote kengele inalia, yeye anakwenda. Tangu astaafu anasema magoti yamekwisha, kaolewa na kile kiti. Nikimwita haitiki. Juzi nimegonga nataka chumvi, mzee kutoka kwenye kukoroma kasimama, kafunga vifungo vya shati, kaja mbele yangu, mikono nyuma, macho bado kayafumba, anasema, "Naam, mkuu." Mwanangu, mtu huyu nimeishi naye tangu ana nywele, hajawahi kuniambia naam. Nikacheka, halafu nikaona haya. Nikamwambia, kaa baba, ni mimi. Akafumbua macho, akasema ungesema mapema nisingeamka.

Nne, au nimeruka? Nyumba imekuwa ofisi. Jana nimemwomba mdogo wako abadilishe balbu, kaniambia mhusika hayupo, nije kesho. Mimi, kwenye nyumba niliyoibebea matofali kichwani.

Ya mwisho. Na wewe nimekugongea. Si umesema chochote? Nimefungua mlango, nimegonga, nimekaa nasikiliza barabarani. Kaja baba yako.

Kwa hiyo njoo uichukue. Usimtume dereva. Shaba ni nzito, inataka mkono wa mwenyewe.

Wasalimie mkeo na wanao, na yule katibu wako anayeniambia kila nikipiga simu kwamba uko kikaoni. Mwambie kikao hicho kimeota mizizi.

Ni mimi niliyekuzaa, na dole gumba langu hilo hapo chini.

Nyongeza: Basi usiichukue. Barua ilipokuwa ikisomwa baba yako kasikia, kaja kwa miguu yake kuichukua kengele, kaiweka kwenye mkono wa kiti, kagonga. Nikanyanyuka kwenda kumuuliza anataka nini. Hataki kitu, anataka kuona kama nitakwenda. Kagonga tena, nikaenda tena, anacheka mpaka anakohoa. Hiyo basi ni ya kwake. Lete ya pili, ya kwangu, na uilete mwenyewe.