Povu la Kwenda Kalemie

Audace alimwona Mama Bibiana kabla hajaiona sabuni yake. Mwanamke amekaa mlangoni mwa stoo pale Katonga, ufukweni mwa Kigoma, mkono shavuni, na nyuma yake maboksi ya miche ya sabuni yamejaa hadi darini. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni huzuni. Kwa Audace ilikuwa ajira.

Naye aliihitaji upesi. Suti aliyovaa alishonewa bure na fundi Elikana wa mtaa wa Mwanga, hapohapo mjini, aliyeahidiwa kwamba picha yake ingebandikwa kwenye kuta za Ubelgiji. Tangu asubuhi fundi huyo alikuwa akizunguka soko zima akimuulizia, mkasi mkononi. Boti la mizigo la Kalemie, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, lilikuwa linaondoka mchana huo. Tiketi Audace alikuwa nayo. Alichokosa ni kitu cha kwenda kuuza.

"Shikamoo mama. Ya mawese hii?"

"Marahaba. Ya mawese. Inatoa hata dhambi, ila siku hizi wateja hawana dhambi."

"Wateja wapo. Hujatangaza."

"Nilikodi bajaji yenye spika, ikazunguka Ujiji yote."

Audace akafumba macho kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Mama, hayo ni matangazo ya nyumbani. Tunampigia mtu kelele mpaka ananunua ili tunyamaze. Nje hawafanyi hivyo. Nje mtu anaoga taratibu, hasemi neno, kinanda kinalia, jina la sabuni linatokea mwisho kabisa. Mtazamaji anatokwa machozi na hajui kwa nini. Kesho yake yuko dukani."

"Na wewe ndiye unayatengeneza?"

"Kampuni yangu iko Ubelgiji. Kalemie tuna tawi." Kalemie kwenyewe alikuwa hajawahi kufika. "Nipe mzigo wote, tukaupige picha kule. Hata usafiri juu yangu."

Na ili aonekane mtu mzito, akamwita nahodha palepale na kulipia maboksi yote. Mfukoni hakikubaki kitu zaidi ya tiketi.

Mama Bibiana akamtazama nahodha akizitia zile noti kibindoni. Kwa miezi alikuwa akitafuta namna ya kuivusha sabuni hiyo.

"Sawa, mwanangu. Lakini tuanze na kipande cha nyumbani. Mtu aoge hapa ziwani, na mimi nione. Mzigo nao upande."

"Aoge nani?"

"Mimi ni mjane, nina heshima zangu. Lyse binti yangu atashika simu. Amebaki nani hapo?"

Boti likapiga honi. Audace akavua suti, akaikunja vizuri juu ya jiwe, akaingia majini na bukta.

Katonga hawasubiri kualikwa. Wapima dagaa wakaacha mizani, akina mama wakapanda juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, mmoja akauliza kama huyo ni mgonjwa anayeombewa.

"Usoni pia," Mama Bibiana akaelekeza kutoka ufukweni. "Taratibu, kama nje. Na usifumbue macho, utaharibu picha."

Sabuni ya mawese ina povu lisilo na adabu. Audace akajipaka, akajisugua, akageuza shingo kwa madaha. Akasikia vicheko, akadhani ni mapenzi ya watazamaji. Akasikia wapagazi wakihema, akafurahi kwamba mzigo unapanda.

Ulipanda kweli. Alipoosha macho, stoo ilikuwa tupu na boti limeshaiacha nchi kavu. Juu ya maboksi amekaa Mama Bibiana, na tiketi ya Audace anajipepea nayo.

"Mama, na mimi je?"

"Wewe umeshamaliza, mwanangu. Umeoga vizuri sana. Lile tawi nikiliona nitakusalimia."

Audace akaanza kutoka majini. Lyse akamzuia kwa kiganja, simu bado juu. "Kaka, endelea kidogo. Watu wanakufurahia."

"Watu gani?"

"Tuko mubashara. Kigoma yote inakuona. Ila Mwanga ndio wanaoandika sana."

Hakumaliza kumeza maneno hayo, bodaboda ikafunga breki kwenye mchanga. Elikana akashuka. Akaiokota suti juu ya jiwe, akaikung'uta, akakagua mshono wa bega, akaitundika mkononi.

"Bwana Mkurugenzi," akasema, "tangazo limenifikia."

Audace akavuta pumzi, akapiga mbizi. Povu likabaki juu ya maji, jeupe, likimfuata kila alikokwenda; na Elikana akalifuata povu kwa miguu, ufukweni, bila haraka yoyote.