Vazi la Mfalme wa China Rukoki

Siku ya soko Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, mwaka 2014, Abdunoor alifungua robota la mitumba akakuta joho la hariri ya manjano, limetariziwa majoka ya dhahabu, mawimbi yakichemka kwenye pindo. Mwingine angeona nguo ya maigizo. Abdunoor, ambaye ulimi wake ungemuuzia samaki maji, aliona magunia ya kahawa ya Bulandina. Mama huyo mgeni alikuwa amezunguka sokoni wiki nzima akijitangaza kuwa tajiri wa kahawa wa Rukoki, anamtafutia mumewe vazi la kuzima harusi nzima, na atalipa kwa magunia.

Akaitia pikipiki moto hadi Rukoki. Bulandina akampokea uani kwenye nyumba ya mabati mapya.

"Mama, hii ni ya mufalme wa China mwenyewe," akasema Abdunoor. "Manjano ni rangi yake peke yake. Jua, mwezi, mulima: dunia yote iko mu nguo yake. Na joka ya kucha tano, mutu mwingine akivaa, kichwa inakatwa!"

Bulandina akavaa miwani, akahesabu. "Mbona hii iko na nne?"

"Ya tano amekunja. Iko na adabu mbele ya wageni."

Bulandina akaitikia kwa heshima kubwa. "Basi vaa wewe, nione vile mufalme anakaa. Bwana yangu iko na mwili kama yako."

Abdunoor akavua koti, akalitundika kwenye pikipiki, akavaa joho na kuketi. Ukuu ukampanda kichwani. "Mufalme anatazama kusini. Hageuki mpaka watu wamalize kuinama!"

"Tunainama," ikajibu sauti ya Bulandina nyuma yake.

Pikipiki ikanguruma, ikaenda. Abdunoor akatabasamu: Bulandina ameenda kuleta kahawa. Jasho likamtiririka. Kuku akapita, akamtazama bila heshima yoyote.

Mwishowe akatokea mwanamke mwenye jembe begani. "Wewe nani? Unafanya nini kwangu na gauni?"

"Kwako? Bulandina iko wapi?"

"Bulandina gani? Mimi Marita. Nyumba ni yangu!"

Koti limekwenda na pikipiki, pesa na simu zikiwa mfukoni. Abdunoor akatembea hadi kituo cha polisi, majoka yakiburuta vumbi.

"Ulikuwa unafanya nini wakati unaibiwa?" afande akauliza, kalamu tayari.

"Nilikuwa mufalme wa China, afande."

Afande akaandika hivyohivyo, taratibu, bila kucheka. "Sawa. Leta karatasi ya pikipiki."

Pikipiki ile Abdunoor aliichukua Mpondwe kwa mjane mmoja, kwa ahadi ya ndoa ambayo hakuitimiza.

"Afande," akasema, akikusanya pindo lake, "mimi nasamehe."