Balozi wa Vipimo

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Siku ya kihistoria. Bwana Anton, wakala wa kampuni ya Vazi Janja ya Dar es Salaam, ameingia kibandani kwangu hapa Tabora mjini. Kampuni inauza magauni kwa simu na inataka vipimo vya wanawake wa huku kwetu. Ninavyo! Miaka kumi na moja ya cherehani, wateja mia mbili na kumi na wanne: majina, namba za simu, kifua, kiuno, nyonga. Alianza kwa Mustafa, fundi wa ng'ambo ya barabara. Mustafa akakataa, eti vipimo vya mtu ni amana. Ndiyo maana hafiki mbali. Mimi nimepewa cheo: Balozi wa Vipimo, Kanda ya Magharibi. Nimepiga picha daftari zima, nikabonyeza "Nakubali". Mke wangu Yustina akauliza kama nimewaomba ruhusa wenyewe. Nikamjibu daftari ni langu, nililinunua mwenyewe.

Jumatano, 10 Septemba
Bango la cheo changu limefika kwa basi. Jina langu, Gerson, herufi nyekundu. Ni pana kuliko mlango wa Mustafa. Alitoka, akalisoma mara mbili, akarudi ndani. Wivu mtupu.

Ijumaa, 12 Septemba
Mwalimu Pelagia, mstaafu, mwenyekiti wa kwaya ya akina mama, alinisubiri mlangoni kabla sijafungua. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akanionyesha ujumbe wa kampuni, kwenye simu isiyo yake: "Mpendwa Pelagia, nyonga zako zimeongezeka inchi tano tangu Pasaka. Tunayo magauni ya kukusitiri." Kumbe namba aliyoniachia ilikuwa ya shemeji yake. Shemeji kausoma mezani, kwa sauti, mbele ya wageni kutoka Urambo.

Hadi adhuhuri wamekuja wanawake tisa, kila mmoja na inchi zake. Wamechukua vitambaa vyao, wakavuka barabara. Sare za kwaya nilizopewa kushona nazo zimekwenda kwa Mustafa. Yustina pia kapata ujumbe. Hajaniambia unasemaje. Ugali nimekula peke yangu.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimempigia Anton. Anasema kampuni haihusiki. Kupata ridhaa ya wateja ni kazi ya balozi, na balozi alibonyeza "Nakubali". Vipimo viko kwao na vitabaki kwao.

Nikabuni mkakati. Nikamwambia Mwalimu Pelagia kwamba daftari liliibwa. Akatazama bango juu ya kichwa changu, akauliza kama mwizi ndiye aliyelitundika. Mkakati umekufa.

Jumatatu, 15 Septemba
Leo nimeogopa kweli. Mwalimu Pelagia kaja na barua ya malalamiko kwa serikali, sahihi arobaini na moja. Kaisoma sheria ya taarifa binafsi kama alivyokuwa akisahihisha mitihani, kwa kalamu nyekundu. Kampuni haikuwa na haki ya kupokea vipimo bila kuwauliza wenyewe. Lakini barua inahitaji shahidi wa kueleza jinsi vipimo vilivyotoka. Yaani mimi, nijishtaki. Nikaanza kusema habari za daftari langu. Akanikatiza taratibu:

"Gerson, karatasi ni yako. Mwili ni wangu."

Yustina alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani. Nikatia sahihi. Jina nimeliandika dogo, si kama lile la bangoni.

Jumatano, 17 Septemba
Mustafa kavuka barabara na furushi la vitambaa vya kwaya. Kasema kazi imemzidi, tugawane nusu kwa nusu, na kwamba kutia sahihi ile kulihitaji moyo. Nimemwelewa. Kasalimu amri.

Alhamisi, 25 Septemba
Ushindi! Barua imewabana. Kampuni imeandika kwamba vipimo vyote vimefutwa, na Anton katumwa kuomba radhi ana kwa ana katika ukumbi wa parokia. Alisoma majina mia mbili na kumi na manne, jina moja moja, pole moja moja. Viatu vyake vyeupe vilikuwa na vumbi la Tabora. Vigelegele vilipolipuka nilisimama kando ya Mwalimu Pelagia na kupunga mkono. Wengine walidhani nami ninaombwa radhi. Sikuwasahihisha. Yustina alicheka, mara ya kwanza tangu ujumbe ule. Bango kaezekea banda la kuku.

Ijumaa, 26 Septemba
Mgeni kutoka Nzega, mtu mpole, suti nyeusi. Ana karakana ya majeneza. Anataka kuwa na akiba tayari, kila mtu na saizi yake, ili familia zisihangaike siku ya msiba. Vifua na nyonga hataki kabisa. Anataka urefu tu. Urefu si siri, mtu anatembea nao barabarani! Tena kwa bidhaa hii hakuna mteja atakayerudi kulalamika. Cheo changu: Mshauri Mkuu.

Nimenunua daftari jipya. Wa kwanza nimemwandika Mustafa. Futi tano na inchi nne, kwa kukadiria kutoka dirishani.