Mume wa Bi Mwanne na Treni ya Alhamisi

Jumatatu, 5 Julai 1954

Ushindi! Gazeti la Dar es Salaam limefika na hadithi yangu imo, chini ya tangazo la sabuni. Jina langu la uandishi limechapwa bila kosa: Waridi la Unyanyembe. Hakuna mtu Tabora nzima anayejua kwamba Waridi ni mimi, Damas Lugembe, karani wa mizani katika ghala la Bwana Fazal, kapera, umri arobaini na ushei, mpima nta na karanga.

Ila mhariri analalamika. Wasomaji wamechoka na malkia na majini. Wanataka mapenzi ya kweli, ya watu wa kawaida. Ya kweli nitayatoa wapi? Niliwahi kumpenda binti mmoja wa Ipuli. Hakuarifiwa.

Basi nitaazima kwa jirani. Mwenye nyumba wangu ni Bi Mwanne, mama wa makamo, mtu wa swala zake na bustani yake ya mchicha. Wakati wa vita vile vya kwanza mumewe Mfaume alichukuliwa na Wabelgiji kwenda kubeba mizigo, bibi arusi hina bado mbichi mikononi. Hakurudi. Watu wa mtaani ndio walionisimulia. Hazina kama hii imelala ukuta wa pili na mimi nahangaika na majini!

Nitamrudisha Mfaume. Kwa treni. Akiwa na meno yote.

Alhamisi, 8 Julai

Sura ya kwanza imekwisha na imekwenda posta. Nimeficha majina kwa ustadi mkubwa. Mwanne nimemwita Mwanana. Mfaume nimemwita Faume. Hawezi kujua mtu.

Jioni Bi Mwanne kaniletea ugali na nsansa, ile mboga ya majani makavu, ya karanga kama kawaida yake. Kasimama mlangoni, kasema baridi ya mwaka huu ina meno. Nikasema ndiyo. Akangoja kidogo. Nilikuwa natafuta neno la kumalizia sentensi ya sura ya pili kuhusu macho ya Mwanana, kwa hiyo sikuinua kichwa. Nilipoinua alikwisha kwenda. Ugali mzuri sana. Nimekula peke yangu.

Jumatatu, 19 Julai

Imetoka! Lakini kuna adui. Twalibu kinyozi ndiye husoma gazeti kwa sauti barazani pake, na watu hujaa hata wasio na nywele. Nimekwenda, nimejibanza nyuma kama mteja.

Yule bwana haridhiki kusoma. Anaongeza! Mimi niliandika kwamba Faume amepanda treni, meno yote kinywani, anarejea kwa mkewe. Basi. Twalibu kamvika koti la kahawia, kampa bakora, kisha kapaza sauti: atashuka stesheni ya Tabora siku ya Alhamisi! Watu wakapiga vigelegele. Kwa koti lake, si kwa sentensi zangu.

Mama mmoja akauliza huyu Mwanana si Bi Mwanne wa Ng'ambo? Wote wakasema ndiye, nani mwingine. Nikageuza uso. Na hapo nikamwona Bi Mwanne mwenyewe, amesimama kando na kapu lake la mchicha. Amesikia yote.

Alhamisi, 22 Julai

Msiba. Nilipotoka kazini nimekuta mlango wa Bi Mwanne umefungwa. Jirani kanambia amekwenda stesheni. Kavaa khanga mpya, ile ya Idi.

Nimekimbia. Nimemkuta kweli, kaketi kwenye benchi, mikono juu ya magoti, anatazama upande wa Dar. Treni ikaja. Wakashuka askari, masista wawili, Bwana Pradip na masanduku yake. Kila mwanamume aliposhuka alimtazama. Wa mwisho alikuwa mtu na mbuzi. Akamtazama na huyo pia.

Sikumsogelea. Ningesema nini? Nimejificha nyuma ya magunia mpaka akaondoka, kisha nikafuata mbali mbali kama mwizi. Chakula kimeletwa saa yake. Nimekifunika kwa sahani.

Ijumaa, 23 Julai

Mpango! Jumatatu lazima Faume afe.

Sura ya pili imekwisha chapwa huko Dar, lakini mtaa wetu wa Ng'ambo hausomi gazeti, unamsikiliza Twalibu. Nimempelekea tumbaku nzuri ya Urambo. Nimemwomba asome kwamba treni imepinduka na Faume amefariki, salama salimini, bila maumivu. Nimemweleza kwamba mwandishi, Waridi, ni rafiki yangu na ndivyo atakavyo.

Twalibu kacheka hadi wembe ukamtoka mkononi. Kaniuliza ni waridi gani linalonuka nta. Inaonekana mtaa wote unajua. Hata hivyo tumbaku kaichukua na kaapa atasoma nilivyosema.

Jumatatu, 26 Julai

Msaliti! Alipofika mahali pa ajali akatazama nyuso za wasikilizaji, na Bi Mwanne akiwa mbele kabisa. Akasema treni imeharibika njiani, abiria wote wazima, itafika Alhamisi.

Nikamfuata baadaye nikiwa nawaka. Akasema: “Damas, nenda ukamuue wewe mwenyewe mbele ya macho yale. Mimi kinyozi tu.”

Alhamisi, 29 Julai

Asubuhi kabla sijatoka Bi Mwanne kabisha mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Akauliza kama jioni nitamsindikiza stesheni. Njia ya kurudi ni ndefu, kasema, na mtu akiwa peke yake huiona ndefu zaidi.

Nimemwambia nina kazi. Na ni kweli! Mhariri anangoja sura ya nne, na sura ya nne yote inahusu mwanamke aliyeketi peke yake stesheni. Lazima niiandike nikiwa mtulivu.

Nimeandika vizuri mno. Katika sura, Mwanana analia. Mimi pia nimelia kidogo.

Jumapili, 1 Agosti

Nimetoka misa nikiwa nimekata shauri: nitamwambia ukweli. Nimemkuta uani anachambua mchicha. Nimesema kwamba hadithi ya Twalibu ni ya kubuni, hakuna Faume, hakuna koti, na mwandishi ni mimi.

Hakuinua hata kichwa. Kasema, “Najua, mwanangu. Mfaume hakuwa na meno ya mbele hata siku aliyonioa. Huyo wenu mwenye meno nilijua si yeye.”

Nikauliza, basi stesheni anafuata nini?

“Hapa uani anashuka nani?”

Akaendelea taratibu. Yeye alimlilia Mfaume zamani, akamalizana naye zamani. Lakini Twalibu aliposoma, yeye alisikia kwamba kuna mahali watu hufika, na mtu akikaa hapo anasalimiwa. Alhamisi ya kwanza walimsalimu wengi. Alhamisi ya pili yule mzee Nassibu anayeuza kahawa alimpa kikombe, akakataa kulipwa, akakaa naye mpaka treni ikaondoka, kisha akamsindikiza hadi kona yetu.

Kisha akaniambia jambo lililonichoma. Kasema, “Wewe tumekaa ukuta mmoja tangu mvua zile kubwa, na hujaniuliza hata siku moja Mfaume alikuwa mtu gani. Ningekwambia. Alikuwa anachekesha.”

Nikasema samahani, mama. Nilisema kwa moyo wote. Kisha nikaingia ndani haraka kuandika lile la “hapa uani anashuka nani” kabla sijalisahau. Sentensi bora kuliko zangu zote.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimeamua kumsindikiza. Nimepiga pasi suruali, nimeosha mikono kwa ndimu kuondoa nta. Nimebisha. Amekwisha kutoka.

Nimewakuta. Nassibu kaweka birika lake chini, anamsimulia jambo, na Bi Mwanne anacheka, mkono mdomoni, mabega yote yanatikisika. Sijapata kumwona akicheka. Treni ilifika, watu wakashuka, na hao wawili hawakuitazama.

Nafasi ilikuwepo kwenye benchi. Nimesimama karibu muda mrefu nikitegemea mmoja wao atageuka. Nikanunua karanga, mimi ninayezipima kutwa, nikarudi.

Jumamosi, 14 Agosti

Bi Mwanne na Nassibu wamefunga ndoa. Hawakungoja sura zangu kumi na mbili! Shehe, mashahidi, pilau, tayari. Twalibu kahutubia kana kwamba ni yeye aliyewaoza, na watu wakamshukuru. Mimi hakuna aliyenitaja.

Bi Mwanne anahamia kwa mumewe, nyumba za nyuma ya stesheni. Vyumba vyetu vitasimamiwa na mpwa wake. Wakati wa kuagana kanishika mkono, kasema niwe nakwenda kuwatembelea, niache kalamu nyumbani. Nikaahidi. Nikamtazama hadi wakapinda kona.

Jioni nimepika ugali mwenyewe. Umeungua chini, mbichi juu.

Jumatatu, 23 Agosti

Mhariri anataka hadithi mpya. Ile ya stesheni imependwa, hasa sentensi moja. Nimemjibu kwamba nimechoka kuazima maisha ya majirani. Tangu sasa nitaishi yangu. Nimekwisha jifunza!

Chumba cha Bi Mwanne kimepata mpangaji, dada mmoja aitwaye Tekla, mhudumu wa wodini, ametoka Ziba. Leo jioni kabisha mlangoni kwangu. Kasimama pale na bakuli mkononi, akasema yeye mgeni, hana mtu anayemjua mji huu, anaomba chumvi kidogo, “kaka”, na kama nimekwisha kupika yeye ana mboga nyingi kuliko awezavyo kumaliza peke yake.

Jinsi alivyosimama! Bakuli limeegemezwa kiunoni, jua la magharibi linampiga shavu moja. Nimemwambia angoje hapo hapo, asisogee. Nimekimbilia meza. Nimeandika bakuli, nimeandika shavu, nimeandika sauti ya Kisukuma ndani ya lile neno kaka. Ukurasa mzima bila kufuta!

Nilipogeuka mlango ulikuwa mtupu. Sasa namsikia kwa jirani wa pili, wanacheka, wanakula.

Haidhuru. Katika sura ya kwanza nitampa chumvi.