Adabu ya Jaketi la Rubani

Baridi ya Julai ilipoingia Thika, Boaz Omondi aliona jambo lililomsahaulisha kwamba hajala tangu jana. Wafanyakazi walikuwa wakitoka kiwandani wamevaa majaketi ya marubani, ya ngozi nene yenye manyoya ya kondoo ndani, yaliyouzwa mnadani baada ya jeshi la anga kuyachoka. Kila mmoja alitembea kama aliyeshuka mawinguni sasa hivi, ingawa hakuna aliyewahi kupanda kitu kirefu kuliko lori la mkonge.

Nairobi kulikuwa na mnunuzi ambaye angempa Boaz baiskeli mpya kwa gunia moja la majaketi hayo. Lililobaki ni kuyapata bila kuyanunua.

Akamsimamisha Barasa, mpakiaji mizigo aliyefanya kazi mwaka mzima ili apate lake.

"Ndugu yangu, nani alikuruhusu kufunga zipu mpaka shingoni?"

Barasa alijitazama kifua. "Kumbe kuna ruhusa?"

"Asiyewahi kuruka hufunga mpaka usawa wa moyo. Juu ya hapo ni pa rubani."

Msomaji asimcheke Barasa haraka. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na kutoka Thika kwenda Ruiru kulihitaji pasi. Mtu aliyezoea kuomba ruhusa ya kwenda kumzika mama yake hashangai akiambiwa zipu nayo ina sheria. Barasa akaishusha, akashukuru.

Boaz akafungua darasa nyuma ya hoteli ya chai, akaliita chama cha wavaa majaketi, akatunga kanuni nane. Kola haisimamishwi ila na aliyeyaona mawingu kutoka juu. Mikono haiingii mifukoni. Jaketi halivaliwi pamoja na kaptura, wala wakati wa kuchinja kuku. Avunjaye kanuni hulivua papo hapo na kulikabidhi kwa chama. Wanafunzi walikariri wakitetemeka, vifua wazi, na njiani wakakosoana kwa ule upole unaoudhi kuliko matusi.

Hatimaye mwalimu akatangaza kwamba majaketi yote lazima yakakaguliwe na mkubwa wa jeshi la anga kambini Eastleigh. Wenyewe wakayakunja, wenyewe wakayapanga guniani. Barasa, aliyekuwa na kikohozi, aliuliza kama lake lingeweza kurudi mapema. Boaz alimshika bega.

"Litatangulia mengine yote, ndugu."

Walitaka kumsindikiza stesheni kwa nyimbo, kwa hiyo alitoroka kwa lori la makaa, apandie treni Ruiru. Njiani upepo ulimtafuna. Akatoa jaketi moja guniani, akafunga zipu mpaka kidevuni, akasimamisha kola na kuzika mikono mifukoni. Hivyo ndivyo alivyoingia stesheni ya Ruiru.

Hakujua kwamba Barasa ana dada pale, Nafuna, muuza uji, na kwamba kila Jumapili Barasa alimfundisha dada yake yote aliyojifunza. Nafuna hakuwa na jaketi, lakini alikuwa na sauti, na vijana wa shamba la kahawa, ambao nao walinunua majaketi mnadani, walikuwa wamemchagua mwenyekiti wa tawi lao la chama.

"Bwana," Nafuna alisema akiweka kata chini, "umewahi kuruka?"

Vijana wakamzunguka Boaz, zipu zao zote usawa wa moyo.

"Mama, mimi ndiye niliyezitunga hizo kanuni."

"Wavunjaji wote husema hivyo. Vua."

Boaz alimtazama askari wa stesheni, akakumbuka kwamba askari huanza kwa kuuliza gunia lina nini. Akavua. Nafuna akalifungua gunia mwenyewe, na juu kabisa akakuta jaketi la kaka yake, lenye kiraka alichokishona yeye kwa kitambaa cha mfuko wa unga. Kisha akawaagiza vijana wawili wenye pasi wayarudishe yote Thika jioni ileile.

Treni ikaondoka. Boaz, amebaki na shati, aliomba kitu cha kujifunika. Akaambiwa kwamba chama husaidia wanachama tu, na mwanachama hujulikana kwa kukariri. Akazitiririsha kanuni zote nane bila kukwama, kama mzazi anayetaja majina ya watoto wake.

Nafuna akatikisa kichwa. "Umeiacha ya tisa."

"Hakuna ya tisa."

"Ipo. Tuliiongeza sisi. Mwenye jaketi humfunika mwenzake anayetetemeka."

"Basi nifunikeni, mama. Si mnaona ninavyotetemeka?"

"Mwenzake, bwana," Nafuna alisema, akichota uji wa mteja mwingine. "Haya, anza tena ya kwanza."