Draiva Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Mtandao umekatika tena. Mara nane tangu asubuhi! Unakuja, unakaa dakika mbili, unatoweka. Na Jumamosi saa nne asubuhi binti yangu ana usaili wa chuo cha ufundi wa miwani, kupitia kompyuta hii hii ya sebuleni. Ukikatika katikati, nafasi imekwenda. Chuo kimesisitiza: kompyuta, si simu. Mke wangu anasema tumwite kaka yake, mwenye duka la kutengeneza kompyuta pale kona. Shemeji huyo! Aguse kompyuta yangu mara moja, anisimange miaka kumi. Nimesema natosha. Tatizo ni draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi yake ya mtandao. Draiva ikizeeka, unaweka mpya. Kazi ya dakika tano.

Jumanne, 5 Machi
Nimefuta draiva ya zamani. Raha iliyoje! Kisha nikabonyeza nipakue mpya. Kompyuta ikaniambia hakuna mtandao. Nikaiambia najua, ndiyo maana natafuta draiva. Draiva iko mtandaoni. Nimekaa nikiitazama. Nimezunguka meza. Nimekaa tena. Simu yangu ni ya vitufe, na ya mke wangu nimekatazwa kuigusa tangu mwaka jana. Akapita, akauliza nimefanya nini safari hii. Nikamweleza kwa ufupi. Akasema usiache mbachao kwa msala upitao, akaenda zake jikoni. Methali za asubuhi siziwezi.

Binti ameuliza kama mambo ni shwari. Nimemwambia shwari kabisa.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda dukani kwa Shemeji. Si kuomba msaada! Nimemwambia nina rafiki, tena si wa karibu sana, amefuta draiva kabla ya kupata mpya. Shemeji akaweka bisibisi chini. Akasema nimpe pole. Akasema rafiki huyo aangalie jina la kadi, atafute draiva ya jina hilo tu, kingine asiguse. Kisha akauliza kama mke wa rafiki yangu hajambo. Nimeondoka bila kuaga.

Alhamisi, 7 Machi
Nimenakili jina, kwa herufi kubwa. Nimekwenda kwa mama wa fotokopi, mwenye mtandao wa uhakika, anipakulie kwenye flashi. Zimetokea draiva kumi na moja za majina yanayofanana. Akauliza ninataka ipi. Nikasema weka zote, akiba haiozi. Nimerudi mbio, nimeziweka zote. Mtandao hakuna. Sauti imepotea. Kompyuta inasema nina printa nne. Sina hata moja!

Ijumaa, 8 Machi
Nimegundua. Jina nililonakili ni la kile kisanduku cha mtandao kilichoko ukutani. Kadi iko ndani ya kompyuta. Kosa la kumpata mtu yeyote! Nimeifungua kompyuta, nimeiona kadi, maandishi yake madogo kama sisimizi. Sikuambulia hata herufi. Nimeifunga. Skrubu tatu zimebaki. Huenda zilikuwa za ziada.

Binti amepiga pasi nguo zake za kesho, amezitundika, amekaa. Bora angenigombeza. Kusema kweli, nimeogopa. Nimetoka niende kwa Shemeji, nimefika mpaka kona. Nimemwona anacheka na mteja. Nimerudi.

Jumamosi, 9 Machi
Saa mbili asubuhi nimemkuta Shemeji sebuleni, kikombe changu mkononi. Binti ndiye aliyemfuata mjomba wake. Shemeji akauliza hizo printa nne nimezificha wapi. Akafuta takataka zangu zote, akasoma jina la kadi, akaweka draiva moja. Moja tu! Saa nne kasoro dakika saba, mtandao umetulia.

Nimesikiliza nyuma ya mlango. Wasaili wakamtaka binti aeleze siku aliyotatua tatizo huku muda ukimbana. Akawaeleza habari zangu. Zote! Skrubu pia. Wakacheka mpaka mmoja akaomba maji. Kisha akasema baba yake alihangaika wiki nzima kwa ajili yake, ila hajui kuomba msaada, ikabidi yeye aombe kwa niaba yake. Nami machozi yakanitoka. Kompyuta ile ina vumbi sana.

Jumanne, 12 Machi
Barua pepe imekuja: binti amevuka hatua ya kwanza! Wasaili wameandika kwamba hawajasikia kisa kizuri kama chake. Mke wangu amemshukuru kaka yake. Binti amemshukuru mjomba wake. Na hicho kisa, kilitoka wapi? Bila mimi angewaambia nini watu wale?

Usaili wa pili ni keshokutwa, saa tatu asubuhi. Shemeji amebandika karatasi kwenye kompyuta: USIGUSE. Nimeisoma mara mbili. Lakini mtoto hawezi kwenda kurudia kisa kile kile. Lazima mtu amfikirie. Nimefuta draiva.