Kigoda Chini ya Gauni

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema asubuhi hii. Magoti ya Bibi Ermintrude yamekataa kazi kabisa. Mungu amponye, ila si upesi. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba pindo refu la gauni la Malkia tangu mimi nikiwa msichana, na sasa anarudi shamba kwake kukaa na magoti yake. Nafasi iko wazi! Mbeba pindo hukaa hapa Windsor mwaka mzima, na kila mtu kasrini humwamkia kwanza.

Ni mimi au Georgiana Tremlow. Wengine ama hawana nasaba, ama mikono yao inatoka jasho.

Mume wangu Barnaby amesema nisipopata cheo kabla ya Pasaka tunarudi Shropshire, maana nguruwe wake wanamkumbuka. Shropshire kuna matope, nguruwe na mama mkwe. Matope angalau hayasemi. Nimemwambia Barnaby asithubutu kufunga mizigo.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya upelelezi. Dorcas, mtumishi wangu, amekunywa chai na msusi wa Malkia. Akarudi na neno moja la thamani: Malkia anaangalia nani anajua kusimama.

Kweli tupu. Mbele ya Malkia haketi mtu, awe mjamzito, awe balozi. Leo, jongo likimsumbua mguuni, amecheza karata tangu chakula cha mchana hadi mishumaa ikawashwa, sisi tumejipanga ukutani kama mifagio. Georgiana hakutikisika hata kidogo. Ana miguu ya farasi, yule. Mimi nilibadilisha mguu, nikarudisha, nikabadilisha tena, mpaka Malkia akaniuliza mbele ya watu kama kuna mahali nahitaji kwenda. Aibu iliyoje.

Lakini wakati wa kuvuliwa nguo wazo likanijia. Gauni la kasrini lina matao ya mifupa ya nyangumi kiunoni ya kulitanua. Mlangoni napita upande upande kama kaa. Chini ya matao hayo pana nafasi ya kufugia kuku. Kwa nini ikae bure?

Jumatano, 5 Machi

Bwana Pike, seremala, amenitengenezea kigoda. Chepesi, miguu mitatu, kinafungwa kiunoni kwa utepe. Nikitembea kinaning'inia. Nikichoka nashuka taratibu, na anayenitazama haoni ila gauni.

Pike aliuliza cha nini. Nikasema cha kukamulia ng'ombe. Akazitazama glavu zangu, akaandika bei. Mtu mwenye adabu.

Nimefanya mazoezi chumbani. Barnaby aliingia akauliza mbona nimezama. Nikamwambia hiyo ndiyo staha. Dorcas naye, ambaye hana imani na jambo lolote jipya, alisema, "Bibi, ukiketi unakuwa mfupi. Wataona."

Nikamweleza kwamba watu wa kasrini hawatazamani. Kila mmoja anajitazama mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Karata tena, tangu mchana. Niliketi muda wote, uso wangu umetulia kama sanamu ya kanisani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga. Mimi sikuinama, niliketi.

Katikati ya mchezo Malkia aliinua macho. "Bibi Philippa, mbona leo umepungua?"

Nikajibu kwamba mbele ya utukufu wake kila mtu hupungua. Akatabasamu! Nimeliona kwa macho yangu, jino moja zima.

Baadaye Georgiana alinivuta pembeni. "Shoga, una siri wewe," akasema. "Hata pumzi haikubadilika." Nikamjibu ni malezi. Akanung'unika kwamba yeye miguu inamuuma mpaka anaona nyota, na akilala huipandisha juu ya mito. Nilikaribia kumhurumia. Nikajizuia kwa wakati.

Ijumaa, 7 Machi

Msiba. Nitaandika upesi kabla moyo haujakataa.

Malkia alisimama ghafla, akaruhusu watu kutoka. Sheria ni kutoka kinyumenyume, maana Malkia haonyeshwi mgongo. Nikainuka vizuri, nikaanza kurudi nyuma vizuri. Utepe ukakatika. Mimi nikaendelea na safari, kigoda kikabaki katikati ya zulia, kama yai la kuku aliyeshtushwa.

Balozi wa Denmaki akakohoa. Malkia akauliza, kwa ile sauti yake ya chini, kitu kile kimetoka wapi.

Nikaiona Shropshire. Niliiona kabisa, na mama mkwe amesimama mlangoni.

Basi Georgiana, Georgiana yule yule, akapiga goti. "Malkia mtukufu, ni zawadi. Bibi Philippa amekutengenezea kigoda cha kupumzishia mguu wako wenye jongo. Alikuwa anaona haya kukitoa."

Malkia akakitazama. Akarudi kitini, akasogezewa kigoda, akavua kiatu, akauweka ule mguu juu yake. Akafumba macho.

Kisha akasema, "Kina joto."

Nikasema ni joto la mapenzi ya raia wake.

Jumamosi, 8 Machi

Pindo amepewa Georgiana. Malkia anataka mtu mwenye akili ya haraka. Nimelia kidogo, kisha nikajipaka poda na kwenda kumwambia Georgiana kwamba amepanda ngazi juu ya kigoda changu.

Alikuwa ameinua miguu juu ya mito. Hakukasirika. Nikamuuliza kwa nini, basi, hakuniacha niangamie, maana pindo angelipata vilevile.

"Ukienda Shropshire," akasema, "mimi hapa nitamcheka nani?"

Tulikula biskuti zake zote. Akaomba nimtajie seremala wangu. Nikamtajia fundi wa majeneza, maana urafiki nao una mipaka.

Jioni nikaitwa. Malkia ameunda cheo ambacho hakijapata kuwepo: Mbeba Kigoda. Atakapokwenda, nami nakwenda. Tena, kwa kuwa mguu wenye jongo hutaka kuwekwa kwa mkono na kuangaliwa, nimeruhusiwa kuketi zuliani kando yake. Kuketi! Kasri zima limesimama, mimi nimekaa. Georgiana aliponiona pale chini, uso wake ulikuwa karamu kwa macho yangu.

Barnaby amefurahi kwa namna yake. Anakwenda Shropshire peke yake kuwaona nguruwe. Amenibusu paji la uso na kuahidi soseji. Sijaona ndoa yenye amani kama yetu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Malkia husali sana, na kanisa ni la mawe juu, chini na pande zote. Askofu alihubiri juu ya unyenyekevu na kuridhika na ulichopewa. Hotuba nzuri mno. Niliisikia kidogo, kwa sababu meno yangu yalikuwa yanagongana kwa baridi, na kwa sababu nilikuwa nafikiri.

Chini ya gauni langu sasa hamna kitu.

Nimemwita Bwana Pike. Amwone mhunzi, wanitengenezee jiko dogo la makaa, jepesi, lenye kifuniko, la kuning'inia kwa mnyororo. Safari hii si utepe. Mtu hujifunza. Pike aliuliza la nini. Nikasema la kuchomea njugu za chestinati. Aliyatazama matao yangu kwa muda mrefu, akaomba alipwe kabla.

Dorcas ameuliza kama gauni la hariri linashika moto.

Nimemwambia hushika kwa watu wasio na mpango.